WATI 12,000 KWENYE BOKSI: WABONGO WANANUNUA MZIKI AU WANANUNUA TAA?

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, aliposti video ya sebule yake mpya. Kochi jeupe, TV kubwa kama mlango, na pembeni mziki mrefu unaofika kiunoni, umejaa taa zinazobadilika rangi kila besi ikigonga. Boksi lake limewekwa kwa makusudi lionekane, na juu yake imeandikwa wati 12,000. Maoni yakamiminika. Bei gani? Unapatikana wapi? Kaka umetisha! Haikupita siku mbili wauzaji wa mitandaoni wakawa wanatangaza "mziki wa staa" upo Kariakoo na mzigo unakaribia kuisha.

Ambacho mashabiki hawakuambiwa ni kwamba ile ilikuwa biashara. Alilipwa. Watu wanaoingia kwake wanasema mziki anaousikiliza mwenyewe uko chumba cha pili: risiva nyeusi ya kizamani, haina taa hata moja ya rangi, na spika mbili za mbao zilizokaa juu ya stendi. Jamaa anaishi kwa sauti, anaijua tofauti. Kwa hiyo mashabiki wanauziwa taa, yeye anabaki na sauti.

Hapo ndipo penye tatizo. Mjini hapa kijana anakusanya hela mwaka mzima, anashuka mwendokasi Gerezani na mkwanja wake mfukoni, halafu swali la kwanza analouliza dukani ni "ina wati ngapi?" Hakuna swali linalompa muuzaji raha kama hilo, maana ndilo swali rahisi kuliko yote kulijibu uongo. Namba kwenye boksi haina mwenyewe. Kiwanda kinaandika kinachotaka.

HESABU YA PLAGI

Wanaosema huu ni wivu wa wasio na hela wachukue kalamu. Plagi ya pini tatu inayochomekwa ukutani ina fyuzi ya ampea 13. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230. Zidisha 13 kwa 230, jibu ni wati 2,990. Huo ndio mwisho wa plagi, ikizidi hapo fyuzi inakatika. Sasa mziki wenye wati 12,000 unazipata wapi hizo wati nyingine elfu tisa? Pasi nyingi za umeme zinakula wati 1,000 au zaidi, na kila mtu anajua pasi inavyokula yuniti za LUKU. Kama sabufa ingekuwa kweli na wati 12,000, kuiwasha kwa sauti ya mwisho ingekuwa sawa na kuwasha pasi kumi na mbili kwa mpigo. Mwenye nyumba angekuja na barua ya kuhama kabla wimbo haujaisha.

Ujanja uko kwenye herufi nne ndogo zinazofuata namba ile: PMPO. Hicho ni kipimo kisicho na sheria. Hakuna utaratibu wa pamoja wa kukipima, kwa hiyo kila kiwanda kinajipimia. Kipimo chenye maana kinaitwa RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo bila kupumzika. Na ukweli wa mashine hauko mbele penye taa, uko nyuma, kwenye kibandiko kidogo ambacho hakuna anayekisoma. Pale pameandikwa inakula wati ngapi za umeme. Sabufa nyingi zinazojiita za maelfu ya wati ukizigeuza utakuta kibandiko kinasema wati 60, au 80. Hakuna mashine inayotoa mfululizo zaidi ya inachokula. Mtu anayekula sahani moja ya wali hawezi kubeba magunia ya watu mia.

Halafu kuna hili ambalo wauzaji hawalisemi kabisa: wati nyingi haziongezi sauti kwa kiasi ambacho watu wanadhani. Wati zikiongezwa mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, mabadiliko madogo ambayo sikio linayasikia kwa mbali. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa mara mbili, zinatakiwa wati mara kumi. Ndio maana spika yenyewe ina kazi kubwa kuliko wati. Spika nzuri nyuma yake huwa imeandikwa inatoa desibeli ngapi kwa wati moja. Ya desibeli 90 ikipewa wati 50 inalingana na ya desibeli 87 iliyopewa wati 100. Kwa maneno mengine, kuchagua spika vizuri ni sawa na kupewa amplifaya ya pili bure. Na chumba cha kawaida cha kupanga, kwa sauti ya kuangalia movie usiku, kinahitaji wati chache sana, hazifiki hata kumi.

YALIYOWAKUTA BUGURUNI

Kuna wanandoa vijana wanakaa Buguruni. Mume anauza nguo za mtumba, mke anasuka nywele. Mke alipopokea zamu yake ya mchezo, laki tano na nusu, wakakubaliana laki nne na nusu iende kwenye mziki, kwa sababu sebule ilikuwa na TV na kochi lakini imepoa. Mume akaenda Kariakoo peke yake. Kabla hajafika hata fremu ya kwanza, winga akamdaka Mtaa wa Msimbazi: kaka unatafuta nini, twende kwa bosi wangu bei ya jumla. Akapelekwa kwenye fremu, akawashiwa homu thieta yenye spika tano na taa za kutosha kufungua klabu. Besi ikapiga mpaka vioo vya kabati vikatetemeka. Akalipa. Ndani ya bei ile ilikuwemo na posho ya winga, lakini hilo alikuja kulijua baadaye.

Wiki ya kwanza jirani walikuja kushangaa. Wiki ya tatu spika kubwa ikaanza kukoroma. Mwezi wa pili amplifaya iliyo ndani ya ile boksi ikafa kimya kimya. Waranti ilikuwa ya mdomo, risiti ilikuwa ya karatasi iliyochanwa kwenye daftari, na winga simu yake haipatikani. Fundi wa mtaani akawaambia hata zile spika nne zilizobaki nzima haziwezi kufungwa kwenye mashine nyingine kirahisi, kwa sababu soketi zake ni za peke yake na ni za ohm 3, wakati amplifaya nyingi za kawaida zinataka spika za ohm 6 mpaka 8. Kwa hiyo kitu kimoja kilipokufa, vyote vikafa.

Kilichofuata ndani ya ile nyumba sio cha kuandikwa chote. Inatosha kusema mke alikuwa ameahidi mama yake elfu hamsini ya dawa kutoka kwenye chenji ya mchezo ule, na chenji iliishia kwa mafundi. Watu wanaona mambo ya sabufa ni ya mchezo mchezo. Laki nne na nusu ni kodi ya miezi mingi kwa mtu wa Buguruni. Ni mtaji wa kibanda cha chipsi. Pesa hiyo ikipotea kwa sababu ya namba ya uongo kwenye boksi, kinachovunjika sio spika peke yake.

Wengi wakisikia kisa kama hiki wanakimbilia kuilaumu Kariakoo. Sio haki. Kariakoo hiyo hiyo, kwa hela hiyo hiyo, kuna mziki ungewadumu miaka kumi. Tofauti iko kwa mnunuzi, anaingia sokoni anajua anachokitaka au anaingia kushangaa taa.

SEBULE YA MBONGO INASIKILIZA NINI?

Kabla ya kujua mashine gani, lijulikane kwanza jambo moja ambalo hakuna tangazo linaloligusa: ni nini hasa kinachosikilizwa kwenye sebule ya Dar? Mpira wa Azam. Bongo Fleva, singeli na amapiano kutoka YouTube. Taarabu siku za wikiendi. Na movie za kutafsiriwa, zile za kujaziwa kwenye flashi, ambazo sauti ya mtafsiri imelazwa juu ya sauti ya Mkorea au Mhindi.

Karibu vyote hivyo vina sauti ya njia mbili tu, kushoto na kulia. Movie ya kutafsiriwa hata kama mwanzoni ilirekodiwa kwa njia sita, ikishapita mikononi mwa mtafsiri na kubanwa iingie kwenye flashi, nyingi zinabaki na njia mbili. Kwa hiyo mtu anayenunua spika tano na sabufa ili aangalie movie za kutafsiriwa amenunua basi la abiria sitini kwenda kazini peke yake. Zile spika za nyuma zinapiga marudio ya kilichopo mbele, basi.

Kwa nyumba nyingi za mjini, jibu la kweli ni spika mbili nzuri mbele. Mbili nzuri zinaishinda tano mbovu kila siku ya Mungu. Mpira unahitaji sauti ya mtangazaji isikike safi bila kumezwa na kelele za uwanja. Movie ya kutafsiriwa inahitaji maneno ya mtafsiri yaeleweke. Taarabu inahitaji fidla na sauti ya mwimbaji zisichane masikio. Kote huko kazi inafanywa na spika za mbele, sio na taa.

Wapo wenye Netflix na intaneti ya uhakika, wanaoangalia movie kwa lugha yake, na huko sauti ya njia sita ipo kweli. Hao wana sababu ya spika tano. Lakini hata wao wanaweza kuanza na mbili, na hapo ndipo risiva inapoingia.

KWA NINI RISIVA

Risiva inayozungumziwa hapa sio king'amuzi cha juu ya dishi. Ni ile mashine pana inayokaa chini ya TV, inapokea sauti kutoka kwenye TV, simu, flashi au king'amuzi, inaikuza na kuipeleka kwenye spika. Yamaha, Denon, Onkyo, Pioneer, Sony, haya ndiyo majina ambayo wazee wa mziki wanayataja kwa heshima. Spika zinanunuliwa mbali, zinafungwa kwa waya wa kawaida. Spika ikifa inabadilishwa spika. Risiva ikifa inabadilishwa risiva, spika zinabaki.

Mbongo anauelewa utaratibu huu kuliko mtu yeyote, maana ndivyo anavyojenga nyumba. Mwaka huu msingi, mwakani tofali, mwaka wa tatu bati. Risiva inaruhusu hivyo hivyo: leo mashine na spika mbili, baada ya miezi sita sabufa, mwakani spika ya katikati. Homu thieta ya boksi ni nyumba ya kununua ikiwa imeshapigwa rangi, na msingi hakuna aliyeuona.

Tatizo ni bei. Risiva mpya kabisa ya jina kubwa ni hela ndefu, haipo kwenye bajeti ya mtu wa laki nne. Lakini ya mtumba ipo, na kuna sababu nzuri kwa nini ni rahisi. Huko Ulaya na Japani watu wamehamia TV za 4K, na risiva za zamani nyingi haziwezi kupitisha picha ya 4K kwenye tundu lake la HDMI. Wanazitoa kwa sababu ya picha. Sauti yake ni ile ile iliyowafanya walipe hela nyingi miaka ile. Anayezipata Dar hana haja ya kupitisha picha humo. King'amuzi kinaenda moja kwa moja kwenye TV, halafu sauti inatoka kwenye TV kwenda kwenye risiva kwa waya wa optiko, ule mwembamba wenye mwanga mwekundu kwenye ncha. Waya huo umekuwepo tangu miaka ya 1980, na ile ya kizamani ya homu thieta karibu zote zina tundu lake. Risiva zilizoanza kutoka baada ya 2009 zinaweza kuwa na HDMI yenye maandishi ARC. Hiyo nayo inarudisha sauti kutoka kwenye TV, kazi inakuwa nyepesi zaidi.

Haina Bluetooth? Kuna kidude kidogo cha kupokea Bluetooth kinachochomekwa kwenye matundu mekundu na meupe ya nyuma. Bei yake haifiki hata ya viatu. Mashine nzuri isiachwe kwa sababu ya kidude cha mkononi.

Kuna kinyozi mmoja Ilala, wateja wake wanajua siri yake. Alitumia chini ya laki tatu: risiva ya mtumba iliyotoka Uingereza na spika mbili za mbao, moja ina mkwaruzo pembeni. Kwenye saluni yake mpira ukionyeshwa maneno ya mtangazaji yanasikika hata mashine ya kunyolea ikiwa inanguruma, na hapandishi sauti mpaka mtu apaze sauti kuongea. Wateja wanakaa hata baada ya kunyolewa. Hakuna taa. Hakuna anayeuliza wati.

MTEGO WA JAPANI

Mtumba nao una mitego, na mkubwa kuliko yote ni volti. Japani wanatumia umeme wa volti 100, Marekani volti 120. Tanzania ni 230. Risiva iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani ikichomekwa moja kwa moja ukutani Kariakoo, inaweza kufa ndani ya sekunde, na moshi ndio risiti pekee ya mnunuzi. Ndio maana kibandiko cha nyuma ni muhimu tena: kikisema AC 220-240V au 230V, salama. Kikisema AC 100V au 120V, lazima transfoma ya kushusha umeme, na transfoma yenyewe iwe na uwezo unaozidi wati zinazoliwa na mashine, sio ile ndogo ya kuchezea.

Plagi isimdanganye mtu. Mashine za Uingereza zinakuja na plagi ya pini tatu bapa inayoingia moja kwa moja kwenye soketi zetu, na hiyo ni dalili nzuri. Ila plagi inaweza kubadilishwa na mtu yeyote kwa bisibisi. Kibandiko ndicho shahidi.

Redio nayo inatoa siri. Wenye Vitz na IST wanalijua hili: redio ya gari la Kijapani inaishia 90, nyingine 95, kwa sababu FM ya kwao inaanzia 76. Risiva ya soko la Japani ni hivyo hivyo. Redio ikigoma kufika 108, hapo hapo ni kengele ya kumfanya mtu aigeuze mashine aangalie volti.

NAMNA YA KUINGIA SOKONI

Anayekwenda Kariakoo kwa kazi hii aende asubuhi, aende na mtu, na aende bila winga. Sio kwamba mawinga ni watu wabaya, wanatafuta riziki kama wengine, na kwa vitu vingine wanasaidia sana. Ila kwenye mziki winga analipwa na muuzaji, kwa hiyo lazima ampeleke mteja panapolipa zaidi, sio panapolia vizuri zaidi.

Abebe nyimbo zake. Muuzaji ana wimbo wake wa kuwashia, umechaguliwa ili besi ionekane kubwa, na kwenye fremu ndogo yenye kuta tatu besi yoyote inaonekana kubwa. Mnunuzi aweke nyimbo tatu anazozijua kichwani. Singeli moja, kwa sababu ngoma zake zinakimbia, spika mbovu inazichanganya zote zinakuwa mvumo mmoja. Taarabu moja, kusikiliza sauti ya mwimbaji na fidla. Na dakika mbili za mtangazaji wa mpira, kusikiliza maneno. Spika inayopita mitihani hiyo mitatu imefaulu maisha ya Dar.

Halafu ashushe sauti. Watu wote wanapandisha dukani, hakuna anayeshusha. Mziki mzuri unajulikana sauti ikiwa chini, pale unaposikia maneno yote bila kukaza sikio. Baada ya hapo ndio apandishe mpaka robo tatu, asikilize kama inachana au kukoroma. Azungushe kitufe cha sauti taratibu, kikikwaruza ni vumbi, linasafishika, lakini ni hoja ya kupunguza bei. Ajaribu kila tundu atakalolitumia. Aangalie spika kwa mbele, ule mpira wa pembeni unaozunguka koni, ukiwa umepasuka au unamomonyoka kama keki, besi imeondoka.

Uzito nao una neno lake. Risiva za zamani ni nzito kwa sababu ya transfoma kubwa ya ndani, na ikiwa nyepesi kama boksi tupu kuna mtu amefungua. Hii haizihusu mashine za kisasa, nyingi ni nyepesi na zinapiga vizuri.

Mwisho risiti. Duka lenye mashine ya EFD litoe risiti ya EFD, yenye jina la kifaa, na siku za kurudisha ziandikwe kwa kalamu. Na kwa vitu vipya, jina la kwenye boksi lisomwe herufi kwa herufi, kwa sababu kuna majina yanayofanana na makubwa ila yamepishana herufi moja. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kazi ya kupambana na bidhaa bandia, na malalamiko bila risiti ni hadithi tu.

CHUMBA NI SPIKA YA TATU

Kuna hela nyingine inapotea hata baada ya kununua vizuri. Nyumba mpya za kupanga zina tailizi chini, jipsamu juu, na madirisha ya aluminiamu. Hicho chumba kinarudisha sauti kama bafu. Mtu anaweka mziki wa laki nne halafu analalamika haueleweki. Kabla ya kuongeza wati, aongeze zulia na pazia zito, na spika asizibane kwenye kona, kwa sababu kona inakuza besi mpaka inavimba. Kusogeza spika hatua moja kutoka ukutani ni bure.

Na majirani wapo. Kwenye nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana kwenye korido moja, besi ya chumba namba mbili ni maumivu ya kichwa ya chumba namba tano, ambako kuna mtoto mchanga. Kelele nazo ni uchafuzi wa mazingira, na NEMC wanazishughulikia, lakini kabla ya NEMC kuna balozi wa mtaa, na kabla ya balozi kuna aibu. Mziki unaoeleweka ukiwa chini unamwacha jirani alale. Mziki wa taa unaeleweka ukiwa juu tu, na hata huko juu hauelewekei.

NA WENYE LAKI MOJA NA NUSU?

Itasemwa kwamba haya yote ni ya wenye laki nne. Kweli, kuna anayekaa geto la chumba kimoja ana laki na nusu, na huyo risiva sio lazima. Sabufa ndogo ya spika mbili inamtosha kabisa, hakuna aibu. Sheria ni zile zile: asome kibandiko cha nyuma, ashushe sauti, asikilize maneno kabla ya besi. Na akikuta sabufa mbili za bei moja, yenye taa na isiyo na taa, aanze kusikiliza isiyo na taa. Kiwanda kilichokuwa na elfu kumi ya kutumia kwenye taa kimeitoa sehemu fulani, na mara nyingi ni kwenye spika.

Na itasemwa mtumba ni bahati nasibu. Nao ni ukweli, haina waranti ya mwaka. Lakini ile waranti ya mdomo ya Buguruni ilikuwa na thamani gani? Mashine iliyopiga miaka kumi Uingereza bila kufa imeshafanya mtihani wake. Ile ya kwenye boksi lenye namba kubwa mtihani wake unafanyika kwenye sebule ya mtu, kwa hela ya mchezo wa mke wake.

Mastaa nao waambiwe ukweli. Hakuna anayewakataza kula hela ya matangazo, ndio kazi. Lakini anayeishi kwa kurekodi sauti studio, anayejua spika nzuri inaliaje, akisimama mbele ya shabiki wake wa Buguruni na kumwonyesha namba ambayo yeye mwenyewe anajua ni ya uongo, hapo hajatangaza bidhaa. Amemuuza shabiki. Angalau aandike ni tangazo, na aonyeshe na ile risiva nyeusi ya chumba cha pili.

Wazee wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kariakoo kinachojitembeza kina taa na winga. Kinachojiuza kimekaa chini ya rafu kina vumbi, kinasubiri mtu wa kukigeuza na kusoma nyuma.

Haya wadau, mziki wa nyumbani kwenu nyuma umeandikwa wati ngapi? Geuzeni, someni, halafu mseme ukweli hapo chini.